Kuchambua Ndiko Kunakogharimu

Msimu wa karafuu unapochanganya, nyumba yetu ya kijijini, nje kidogo ya Chake Chake, hailali mapema. Kuchuma ni kazi ya mchana na ya wenye miguu myepesi. Kuchambua ni kazi ya usiku, na ni ya kila mtu. Shada huwekwa kiganjani, likapindwa kwa kiganja cha pili, karafuu zikaangukia upande mmoja wa jamvi na makonyo yakatupwa upande wa pili. Nimeifanya kazi hiyo tangu sijaanza skuli, na kila nilipolalamika kwamba mikono inauma, bibi yangu mzaa mama alinijibu bila ya kuinua macho: "Mkono wa kuangusha hauchoki, mwanangu. Unaochoka ni wa kuchagua."

Nilimkumbuka wiki hii nikiwa kazini. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya kisiwa hiki, na kijana anayejifunza kazi kwangu alikuwa akitayarisha kioo cha damu ya mgonjwa wa selimundu ili tuhesabu retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa ambazo zimetoka kwenye uboho siku moja au mbili tu zilizopita. Damu hiyo huchanganywa na rangi ya samawati ikiwa bado mbichi, ikaachwa katika joto la nyuzi 37 kwa robo saa hivi, kisha ikapakwa kwenye kioo. Chini ya darubini, seli iliyokomaa huonekana tupu na ya rangi moja, ilhali iliyo changa huonekana ina nyuzinyuzi za samawati ndani yake, mithili ya kipande cha wavu wa dagaa kilichokunjwa vibaya. Nyuzi hizo ni mabaki ya ribosomu, mitambo iliyokuwa ikitengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kijana akaniuliza: "Baada ya siku mbili haya huwa yamekwenda wapi, mwalimu?" Nikamwambia kwamba huvunjwa. "Kwa hiyo yanaoza tu wenyewe?"

Hayaozi. Kuoza na kuvunjwa ni mambo mawili, na nimeona ni vyema niyaandike hapa kwa utulivu yale niliyomjibu kwa haraka huku tukiwa na vioo vingine kumi vinavyosubiri.

Watu wengi, na hata wataalamu wa zamani, walidhani kwamba protini za mwili ni kama mawe ya nyumba: zikishajengwa hukaa, na chakula tunachokula huchomwa tu kama kuni ili kutupa nguvu. Dhana hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1930 na Rudolf Schoenheimer, mzaliwa wa Berlin aliyehamia New York, ambaye aliwalisha panya asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojengea protini, zenye naitrojeni nzito ili aweze kuifuatilia. Badala ya naitrojeni hiyo kutoka yote kwenye mkojo, sehemu kubwa yake alikuja kuikuta ndani ya protini za miili ya panya wale. Maana yake ni kwamba nyumba ile hubomolewa na kujengwa upya kila siku wakati wenyewe wanaishi ndani. Mtu mzima huvunja na kujenga takriban gramu 300 za protini kwa siku, ambazo ni nyingi kuliko zile anazozila, na hilo huwezekana kwa sababu asidi amino za zamani hutumika tena.

Lakini si kila protini huishi sawa na nyenzake. Himoglobini hukaa na seli yake kwa siku zipatazo 120, protini za lenzi ya jicho tunazaliwa nazo na kuzikwa nazo, na zipo nyingine ambazo haziishi hata nusu saa. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kuonesha kwamba hapa hapana kuoza. Kinachooza hakichagui.

Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Christian de Duve aligundua lisosomu, vifuko vya ndani ya seli vilivyojaa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vya kumeng'enyea, na kwa muda ikaonekana kwamba jibu limepatikana: kila kisichotakiwa hutiwa kifukoni, kikayeyushwa. Jibu hilo lilikuwa na tundu. Kifuko kinachoyeyusha kila kinachoingia kingewezaje kuiyeyusha protini hii kwa nusu saa na kuiacha ile kwa mwezi mzima? Na palikuwa na jambo jingine la ajabu zaidi, lililoonwa na Melvin Simpson mwaka 1953 katika vipande vya ini: kuvunja protini ndani ya seli kunahitaji nishati. Jambo hilo halikuelekea akilini hata kidogo. Protini tunayoila huvunjwa tumboni bila ya seli kuilipia nishati katika kila mkato, kwani mvunjiko wenyewe hutoa nishati, kama jiwe linaloporomoka kutoka kilimani. Kwa nini basi seli ilipie jiwe liporomoke?

Miongoni mwa walioshindwa kulala kwa swali hilo alikuwa Avram Hershko, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1937 na ambaye baadaye alifanya kazi Haifa, nchini Israel, pamoja na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover. Walichohitaji ni seli isiyokuwa na lisosomu lakini inayovunja protini kwa wingi. Na hapa ndipo nilipomwambia kijana wangu aangalie tena kwenye darubini, kwa sababu seli waliyoichagua ni hii hii retikulosaiti. Mwaka 1977 Joseph Etlinger na Alfred Goldberg, huko Marekani, walikuwa wameonesha kwamba retikulosaiti za sungura, hata zikishapasuliwa zikawa majimaji tu, huendelea kuzivunja protini mbovu, mradi tu ipo ATP, ile molekuli ambayo seli huitumia kubebea nishati. Sungura hao walitiwa kwanza upungufu wa damu kwa makusudi, ili uboho wao umwage seli changa kwa wingi, sawasawa na tunavyoona kwa wagonjwa wetu ambao seli zao nyekundu hufa mapema.

Hershko na Ciechanover waliyapitisha majimaji hayo kwenye nguzo ya selulosi inayoshika baadhi ya protini na kuziachia nyingine. Zilizopita bila ya kushikwa zilikuwa nyekundu, himoglobini tele, na zilizoshikwa zilitolewa baadaye kwa maji ya chumvi. Mazoea ya kazi hii ni kwamba unajaribu kila fungu, unaliweka lenye kazi, na mengine unayamwaga. Wao walipojaribu, hakuna fungu lililofanya kazi. Mtu mwenye haraka angesema jaribio limeharibika. Wao waliyachanganya mafungu mawili yale, na kazi ikarudi. Katika yote niliyoyasoma kuhusu ugunduzi huu, hilo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linafanana mno na aina ya makosa tunayoyafanya sisi wa maabara ndogo: kumwaga.

Palibaki tatizo la himoglobini. Kitu walichokitafuta kilikuwa ndani ya fungu jekundu na kilikuwa kidogo sana, na himoglobini ilikifunika kote. Wakajaribu kulichemsha fungu lile. Yeyote aliyechemsha yai anajua joto linavyozifanya protini; na mimi nalijua kwa njia ya uchungu zaidi, kwa kuwa miaka kadhaa nyuma, katika maabara nyingine niliyokuwa nikifanya kazi, umeme ulikatika siku mbili mfululizo na dawa zetu za kupimia, ambazo ndani yake mna vimeng'enya na kingamwili, zilikufa zote friji ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Himoglobini nayo iliganda ikawa tope. Juu ya tope hilo pakabaki maji mepesi, na ndani ya maji hayo kazi ilikuwa bado ipo. Ilikuwa mwaka 1978. Kitu kidogo kisichojali kuchemshwa kilikuwa kimepatikana.

Kwa msaada wa Irwin Rose, mwenyeji wao katika maabara ya Philadelphia, waliona kufikia mwaka 1980 kwamba kitu hicho hakivunji chochote. Hujigandisha kwenye protini itakayovunjwa, tena kwa kifungo imara cha kikemia, na hujigandisha mara nyingi juu ya protini moja. Mwaka huo huo ikafahamika kwamba ni protini ambayo ilishatengwa tangu 1975 na Gideon Goldstein bila ya kazi yake kujulikana, na ambayo jina lake la ubikwitini limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali". Hershko, Ciechanover na Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Jina linastahili. Ubikwitini ina asidi amino 76 tu, na ukiilinganisha ya binadamu na ya hamira tunayotilia maandazi, utakuta zinatofautiana katika nafasi tatu. Mkarafuu unayo, mbuzi anayo, pweza anayo. Bakteria hawana.

Inavyofanya kazi, msomaji wangu na afikirie zile nyumba za kando ya barabara zinazopigwa alama ya X nyekundu kabla ya upanuzi. Rangi yenyewe haibomoi ukuta. Ila mfano huu una mpaka wake, na mpaka huo ndio utamu wa jambo, kwa sababu kwa seli X moja kwa kawaida haitoshi. Ubikwitini ya kwanza hushikwa na laisini, mojawapo ya asidi amino za protini inayohukumiwa. Ya pili hushikwa na laisini ya ile ya kwanza, katika nafasi ya 48. Ya tatu juu ya ya pili. Na mnyororo ukifika nne, hukumu kwa kawaida huwa imekwisha kuandikwa. Mnyororo uliounganishwa katika nafasi nyingine, kama ile ya 63, una maana nyingine kabisa, kwa mfano kuita mafundi wa kutengeneza jeni zilizoharibika. Na vipo vimeng'enya vipatavyo mia moja ambavyo kazi yao ni kuifuta alama hiyo, ama kwa sababu imepigwa kimakosa, ama kwa sababu protini imeshafika mlangoni pa kuvunjiwa na ubikwitini zenyewe zinatakiwa zirudi kazini.

Wapigaji wa alama ni vimeng'enya vya aina tatu vinavyopokezana. Cha kwanza huiamsha ubikwitini kwa kutumia ATP, na binadamu ana viwili tu vya aina hiyo. Cha pili huibeba, na hivyo ni kama arubaini. Cha tatu ndicho kinachomjua mhusika, na hivyo ni zaidi ya 600. Nikimweleza mtu wa Unguja au Pemba humwambia kwamba hicho cha tatu ni sheha: amri inaweza kutoka juu, na gari linaweza kuleta rangi, lakini anayeijua nyumba ipi ni ya nani katika shehia yake ni yeye. Kimoja kinazitambua protini zilizokunjika vibaya, kimoja kinazitambua zile zilizomaliza kazi, na kimoja huenda kinaijua protini moja tu au chache.

Sehemu ya nishati ile iliyomsumbua Hershko imekwenda hapo, katika kuchagua. Sehemu nyingine hutumika mlangoni.

Mlango wenyewe ni wa proteasomu, na hapa naomba niende taratibu. Proteasomu ni pipa lililotengenezwa kwa pete nne zilizopandana, kila pete ikiwa na vipande saba, na makali yanayokata yamewekwa ndani ya tumbo la pipa ambako hakuna protini inayopita njia inayoweza kuyagusa. Kila ncha ya pipa ina kifuniko. Nenda sokoni ukasimame mbele ya mashine ya miwa. Muuzaji hawezi kuitia miwa kifungu kizima. Anaumenya, anauchonga ncha, anaielekeza ncha hiyo baina ya magurudumu, na yakishaishika huvuta wenyewe mpaka mwisho. Proteasomu hufanya vivyo hivyo. Protini ni uzi mrefu uliojikunja kama kifundo, na tundu la pipa ni jembamba kiasi kwamba kifundo hakipiti. Kifuniko huutambua mnyororo wa ubikwitini, hutafuta ncha ya uzi iliyolegea, na iwapo haipo ncha ya namna hiyo, protini inaweza kushindikana kuingia ijapokuwa alama inayo. Ncha ikipatikana, pete ya mota sita zinazokula ATP huuvuta uzi, hukifundua kifundo, na kuuingiza ndani. Ubikwitini hukatwa kabla ya kuingia na kurudi kutumika. Upande wa pili hutoka vipande vya asidi amino kuanzia tatu hivi hadi ishirini na kitu.

Vipande hivyo havitupwi. Vingi humaliziwa na vimeng'enya vingine mpaka vikawa asidi amino mojamoja, tayari kwa kujengea protini mpya. Baadhi, vyenye urefu wa asidi amino nane hadi kumi, hupelekwa juu ya ngozi ya seli vikaonyeshwa kwa askari wa kinga, ambao wakiona kipande cha kirusi huiua seli nzima. Nilipofika hapo katika maelezo yangu kijana alicheka, akasema: "Kama makonyo ya Wawi." Alikuwa sahihi, wala sikuwa nimelifikiria. Makonyo tunayoyatupa upande wa pili wa jamvi huanikwa, hutiwa magunia na kupelekwa kwenye kile kiwanda cha Wawi ambacho Wapemba wote wanakiita Kiwanda cha Makonyo, yakakamuliwa mafuta kwa mvuke.

Mpango huu haukuwekwa kwa ajili ya mabovu tu. Huutumia seli hata kuondoa protini nzima na njema ambayo wakati wake umepita. Mwaka 1982 Mwingereza Tim Hunt alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama ya nungunungu, anayewachoma miguuni akina mama wa mwani maji yakishakupwa. Aliona protini moja inayoongezeka taratibu kadiri yai linavyokaribia kugawanyika, kisha ikatoweka ghafla, kisha ikaanza kuongezeka tena. Aliiita saiklini. Mwaka 1991 ilibainika kwamba hutoweka kwa kupigwa alama ya ubikwitini, na kwamba isipoondolewa, seli hukwama katikati ya kugawanyika.

Na yupo jirani wa karibu zaidi. Mwaka 1962 katika mafuta ya asumini ilipatikana kemikali ambayo ni sehemu ya harufu ile tuijuayo sote, ile ya kikuba cha bibi harusi. Baadaye ilionekana kwamba jamaa za kemikali hiyo zimo katika mimea mingi, nayo haizitumii kwa kunukia. Huzitumia kama mbiu ya hatari. Kiwavi anapolitafuna jani, jani hutengeneza kemikali ya ukoo huo, nayo hujipachika baina ya kimeng'enya cha kupigia alama na protini zinazozizuia jeni za kujihami, ikawagandisha pamoja kama gundi. Vizuizi hupigwa alama, huvunjwa, na mmea huanza kutengeneza sumu za kumchukiza kiwavi. Hilo lilielezwa mwaka 2007. Tangu nilipolisoma siwezi kulipita shada la asumini mlangoni pasi na kufikiri kwamba tunajipamba kwa king'ora.

Panapokuwa na mhuri hapakosi mwenye kuughushi. Aina za 16 na 18 za kirusi cha papiloma, ambazo ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya shingo ya kizazi, huleta protini yao iitwayo E6, ambayo humshika sheha mmoja wa seli na kumpeleka kwenye nyumba isiyokuwa yake: p53, protini inayoizuia seli yenye jeni mbovu isiendelee kugawanyika. Mlinzi hupigwa alama na kuvunjwa, wala hakuna kilichovunjika katika mitambo yenyewe. Yote imefanya kazi kama ilivyopangwa. Waganga nao wamejifunza kuuingilia mlango huo. Dawa ya bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya saratani ya seli za plazma, huyaziba makali ya proteasomu. Seli za saratani hiyo hutengeneza kingamwili kwa wingi usiokuwa na kiasi, kwa hiyo huzalisha mabovu mengi, na zinapozibiwa pa kuyapeleka hulemewa zikafa kabla ya nyingine.

Nirudi kwenye kioo chetu. Mwaka 2017 ilielezwa kwamba retikulosaiti ina kimeng'enya kiitwacho UBE2O, ambacho huibeba ubikwitini na pia huichagua protini ya kuibandika, yaani hushika kazi ya pili na ya tatu kwa pamoja, na miongoni mwa vile inavyovipiga alama ni protini za ribosomu. Wavu wa samawati ulioulizwa na kijana wangu huondoka kwa njia hiyo: baada ya siku mbili seli inakuwa imechambuliwa, imebakiwa na himoglobini karibu tupu, ikitumia kwa kazi hiyo nishati ambayo ingeweza kuitumia kwa jambo jingine.

Alihesabu seli elfu moja, akapata 96 zenye wavu. Nilimwambia arudie kwa kioo cha pili, kwa kuwa chembe za rangi zisizochujwa vizuri huweza kumdanganya mtu akaona wavu pasipo na wavu. Akachuja rangi, akahesabu upya, akapata 91, tukaandika asilimia 9.1 na kupeleka majibu wodini.